Ntumba na Sura ya Elektroni

Niliposikia kwamba Ntumba amekufa, sikulia kwanza. Nilikasirika kwanza, na aliyenikasirisha ni Mwepu. Kundi letu la simu, la sisi tuliomaliza sekondari pamoja pale Kolwezi, lilikuwa limejaa picha za mishumaa na mikono ya kuomba tangu alfajiri. Halafu Mwepu, ambaye siku hizi ana malori yake ya kubeba mchanga wa kobalti na hata wazee wanamwita Patron, akatuma ujumbe mrefu wa sauti. Niliusikiliza nikiwa nimesimama jikoni, mikono imejaa majani ya muhogo. “Bandugu ya promotion,” alisema kwa sauti ya kanisani, “tumepoteza dada yetu. Ntumba alikuwa na akili mingi sana. Politiki njo ilitutenganisha, lakini sisi wenyewe tulipendana.” Watu wakaweka mioyo chini yake, mmoja baada ya mwingine. Niliuzima ule ujumbe, nikauwasha tena, nikausikia mpaka mwisho mara ya pili ili nihakikishe kwamba amesema kweli alichosema. Politiki haikusimama kwenye lango la stesheni ikiwa na fimbo. Waliosimama pale nawajua kwa majina yao na ya baba zao, na mwenzao mmoja ndiye huyo anayetuma maombolezo.

Mwaka ule tulikuwa darasa la sita la sekondari, darasa la mwisho, mwaka wa mtihani wa serikali. Kampuni ya migodi, iliyotujengea nyumba, ikatutibu na kutusomesha, ilikuwa inakufa mbele ya macho yetu. Mposho, yaani chakula walichogawiwa baba zetu kazini, ulipungua, kisha ukawa unga mtupu, kisha ukawa ahadi. Maabara ya shule ilikuwa imeporwa mpaka mabomba ya maji, kwa hiyo kemia yetu ilikuwa ya mdomo tu. Hatukuwahi kuiona permanganeti kwa macho. Tulijua kwa kukariri kwamba ni ya zambarau, kama vile mtu anavyojua malaika wana mabawa. Mwalimu wetu wa kemia, mtu wa asili ya Kasai, alisema anakwenda kumwona mgonjwa, na hakurudi. Maneno ya kuwataka watu wa Kasai warudi mkoani kwao yalikuwa yameanza kusemwa mitaani na tulielewa ugonjwa wenyewe ni upi. Tukabaki na vitabu viwili vilivyochanika na maswali ya miaka ya nyuma, yale ya majibu matano ambamo unachagua moja. Basi sisi wanne tukagawana kemia. Sakina, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyetoka upande wa mashariki, alichukua asidi na besi. Mwepu alichukua gesi. Mimi nilipewa sura ya pombe na ndugu zake, wakanitania kwamba mwisho wangu ni kupika lutuku, ile pombe kali ya mitaani. Ntumba, ambaye wazazi wake walikuwa wa asili ya Kasai kama yule mwalimu, alichukua ile sura ngumu ambayo wote tuliikimbia, ya nani anatoa elektroni na nani anapokea. Kila mmoja aliibeba sura yake kichwani, na maswali yake yote, kisha akaja kuwafundisha wengine. Lilikuwa kosa kubwa, na ni kosa ambalo utalifanya tu ukiwa unaamini kwamba wote wanne mtakuwepo mpaka mwisho.

Tulisomea nyumbani kwao Ntumba, mtaa wa Kapata, katika jiko la nje, kwa sababu jiko lile lilikuwa na mlango mpana wa mbao. Tulivunja betri kuukuu kwa jiwe, tukachanganya ule weusi wake na maji ya majani ya viazi vitamu, tukaupaka mlango mzima ukawa ubao. Ntumba alisema weusi ule ni manganizi, na labda ilichimbwa Kisenge, ikazunguka dunia nzima, ikarudi kwetu ndani ya tochi. Tulikuwa na sheria moja. Aliyekosa jibu hakurekebishwa. Alisimama mlangoni akatetea jibu lake la uongo, mpaka yeye mwenyewe aone linavyoanguka. Hakuna aliyesimama pale mara nyingi kuliko Mwepu, kwa kuwa alikuwa na ulimi mwepesi na hakuwa na aibu. Namkumbuka siku ya permanganeti na chuma. Swali lilikuwa: manganizi moja inahitaji chuma ngapi? Mwepu alijibu mbili.

“Simama ku mulango,” Ntumba alimwambia. “Tetea.”

“Chuma iko na mbili juu ya kichwa, si unaona? Mbili plus. Donc ni mbili.”

“Ile ni cheo yake, haiko hesabu. Sikiliza. Manganizi ni mugeni mwenye njaa. Alifika na saba, anataka kubakia na mbili. Atakula tonge ngapi?”

“Tano.”

“Kila chuma iko na tonge ngapi ya kumupa?”

Mwepu alikuna kichwa. “Moja. Alors, njo tuite chuma tano ku meza.” Akaitupa chaki. “Ntumba, weye mama yako alikuzaa na kemia mu mukono.”

“Mugeni mwenye njaa ni weye, Mwepu,” Mama Mbuyi alisema kutoka kwenye kinu. Alikuwa mama yake Ntumba, na aliitwa Mama Mbuyi kwa jina la mkubwa kati ya wale pacha wake wadogo. “Njo ukule kwanza. Na njaa hautapata jibu hata moja.”

Mwepu akala. Nataka jambo hili lieleweke vizuri: alikula. Mwaka mzima alikula bukari, yaani ugali, ya nyumba ile, na sombe yake ya majani ya muhogo, na vile visamaki vikavu ambavyo Mama Mbuyi alivificha pacha wasivione ili vitutoshe sisi wa mtihani. Alijua sahani ipi ina ufa na kigoda kipi kinayumba. Alimwita Mama Mbuyi “maman” bila kuombwa. Mtu akiniambia kwamba vijana wale walidanganywa na wakubwa, kwamba hawakuwajua watu waliokuwa wanawafukuza, nitamwonyesha Mwepu akilamba vidole.

Jioni moja mjomba wake Mwepu alikuja kwetu kumsalimu baba. Walikaa sebuleni, na mimi nilipewa kazi ya chai. Waliongea habari za mishahara isiyokuja, halafu mjomba akasema, kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia bei ya mkaa: “Nyumba ya baba Ntumba iko na vyumba tatu na jiko ya inje. Nani ameshaiomba?” Baba alisema, “Benyewe beko ndani.” Mjomba akacheka kidogo. “Beko ndani leo.” Nilisubiri baba amwambie atoke. Nilisimama pale na sinia mkononi, nikisubiri. Baba alikohoa, akaniambia nilete sukari. Hakuwa mtu mbaya, baba yangu, na najua alikuwa na hofu, maana hata sisi watu wa kaskazini tulikuwa tukiangaliwa. Lakini sukari haikuwepo nyumbani tangu mwezi uliopita, na alilijua hilo. Nilikwenda jikoni nikasimama huko mpaka mgeni alipoondoka. Wakati wakiongea, Mama Mbuyi alikuwa anapika katika lile jiko walilokuwa wameshaligawa.

Mwepu alianza kuchelewa kwenye masomo. Kisha akaja siku moja na kitambaa kichwani, kile cha vijana wa chama kilichotaka watu wa Kasai waondoke, na akakivua mlangoni kabla ya kuingia, kama mtu anayevua kofia kanisani. Ntumba alikiona. Sote tulikiona. Mitaani tayari walikuwa wakiwaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu, na watoto wadogo waliimba neno hilo wakirusha mawe juu ya mabati. Sakina alimwuliza Mwepu waziwazi kile kitambaa ni cha nini. Alisema ni cha mkutano tu, kila kijana wa mtaa analazimishwa. Tukasoma gesi siku hiyo. Alifundisha vizuri, sina budi kusema hivyo.

Vijana wa chama walipokuja kuwafukuza, walikuja saa za kupika, mchana mweupe. Walipita mstari kwa mstari katika nyumba za kampuni, na kwenye kila mlango walijua pa kubisha, kwa kuwa walikulia palepale. Baba yake Ntumba alikuwa ameshaachishwa kazi wiki hiyo. Yeye na familia yake walitoa magodoro, masufuria na cherehani, wakawafunga pacha migongoni, wakatembea kwenda stesheni wakipita katikati ya majirani waliosimama kwenye nyua zao wamekunja mikono. Miongoni mwa hao majirani walikuwemo wanakwaya wenzake Mama Mbuyi. Siku hizo nyimbo zao zote za upendo zilikwama kooni. Nilitembea na Ntumba nikibeba kinu, na mtu mmoja akanipigia kelele kwamba nikiwapenda sana niondoke nao. Kabla juma halijaisha, mjomba wa Mwepu alikuwa anakaa katika vyumba vile vitatu.

Stesheni ilikuwa imegeuka kuwa mji. Treni ya kuwapeleka Kasai haikuja, na watu walilala kwenye jukwaa, chini ya mabehewa yaliyoharibika, juu ya reli zenyewe. Watoto waliugua tumbo na kila siku kulikuwa na maziko. Kuingia haikuwa shida. Sisi wa nje tuliruhusiwa kuingia kuuza maji na muhogo. Kutoka ndiyo kazi, kwa kuwa langoni walikaa vijana wenye vitambaa, na waliojaribu kurudi mjini walirudishwa kwa fimbo. Ntumba alikuwa ameandikishwa kwa mtihani tangu mwanzo wa mwaka na kiti chake kilikuwa kinamngoja. Alikuwa na wazo moja tu, akilisema na kulirudia kila nilipompelekea maji. “Treni ichelewe. Mi naomba Mungu treni ichelewe. Niandike mutihani, nikamate diplome, kisha banipeleke kwenye banataka.” Bila karatasi hiyo hakuna chuo kitakachomfungulia mlango, kule wala huku, na yeye alitaka kuwa mhandisi wa viwanda vya shaba.

Ndipo Mwepu alipokuja. Nilikuwa nimekaa na Ntumba kwenye godoro, nikamwona akipita kati ya masufuria, kitambaa amekitia mfukoni, maswali ya zamani mkononi. Alimsalimu Mama Mbuyi. Mama Mbuyi aligeuza uso.

“Sura ya elektroni hatuna mutu,” Mwepu alisema, akichuchumaa. “Ku kilasi nzima hakuna mwenye kuiyua. Nisaidie, Ntumba.”

“Nani alifanya musikuwe na mutu?” nilimwuliza. Damu ilikuwa inanichemka. “Jibu, weye. Nani?”

Hakunitazama. Alimwambia Ntumba kwamba anafahamiana na mkubwa wa lango, kwamba asubuhi ya mtihani atakuja mwenyewe amtoe, amsindikize mpaka kwenye chumba cha mtihani, na amrudishe. “Mi mwenyewe,” alisema. “Nikufe kama nakudanganya.” Ntumba akachukua kipande cha mkaa, akaanza kuandika kwenye sementi ya jukwaa. Mama Mbuyi alisimama akapiga mikono yake pajani. “Ule unamufundisha? Ule mwenye alitufukuza, njo unamupa kichwa yako?” Ntumba hakuacha kuandika. “Maman, mi nataka mulango ifunguke. Yeye iko na ufunguo.” Mwepu alikuja tena, na tena. Mara ya mwisho alikuja na wenzake wawili wa darasa jingine, na Ntumba akawafundisha wote, midomo imekauka, na watu waliolala njaa wakiwazunguka kuangalia binti yao akiwalisha elimu waliowafukuza. Niliwahi kuona ubaya mwingi maishani, vita pia, lakini ule wa mtu kukuomba akili baada ya kukunyang'anya nyumba sijauona tena mahali popote.

Asubuhi ya mtihani nilipita stesheni nikiwa na Sakina. Ntumba alikuwa amevaa sketi yake ya bluu na blauzi nyeupe, alizozifua kwa maji ya kunywa. Alikuwa amesimama langoni tangu kupambazuka. Mwepu hakuwepo. Tulisubiri. Nikawaambia wale vijana kwamba huyu ana mtihani, jina lake limeandikwa, shule si mbali, waende naye wenyewe kama hawaamini. “Bilulu hapana kutoka,” mmoja alisema. Nilipomshika Ntumba mkono ili tupite, walinisukuma nikaanguka juu ya kokoto. Ntumba alinipangusa goti kwa kiganja chake. “Muende,” alisema. “Mutachelewa. Atakuja tu.” Tukaenda. Watu niliowasimulia habari hii hunitazama wakisubiri niseme kwamba najilaumu kwa kwenda. Sijilaumu. Sikufunga lango mimi. Nawalaumu waliolifunga, na nitawalaumu nikiwa kaburini.

Mwepu tulimkuta ameketi katika chumba cha mtihani, amenyoa, kalamu mbili mfukoni. Msimamizi alianza kuita majina. Alipofika kwa Ntumba, aliita mara mbili. Kiti kilikuwa mbele yangu, na namba yake imeandikwa kwa chaki. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mwepu, tulivu kabisa: “Ameenda kwabo.”

Nikasimama. “Haikuenda fasi yoyote! Iko ku gare, hapa tu. Bamemufungia.” Kwao kupi? Alizaliwa katika hospitali ya kampuni, alikulia Kapata, Kasai alikuwa ameiona kwenye ramani tu, kama mimi. Msimamizi aliniambia kwa Kifaransa nikae la sivyo nitatolewa. Akachora mstari juu ya jina. Nikakaa. Siku ya kemia, ilipokuja, swali la elektroni lilikuwa la shaba na asidi ya nitriki, na katika ule ukimya nilimsikia Mwepu akinong'ona nyuma yangu: mugeni anataka tonge ngapi. Nilitamani kugeuka nimchome kalamu ya jicho. Alifaulu kwa alama za juu kuliko darasa zima.

Treni ilikuja hatimaye na ikawachukua, na sikumwona tena Ntumba kwa macho. Kule walikofika walianza kwa kumzika baba, kisha Ntumba akawa ndiye wa kuwalisha pacha, akauza mafuta ya mawese mpaka alipoolewa. Mtihani wa serikali hakuuandika kamwe. Lakini ipo siku moja ambayo Mwepu haijui, na sitaiweka kwenye kundi la simu, maana haimhusu.

Ni siku ile ya kemia. Vijitabu vya maswali vilikusanywa mlangoni, hakuna aliyeruhusiwa kutoka na hata ukurasa. Mimi na Sakina tulikuwa tumepatana: yeye akariri nusu ya kwanza ya maswali, mimi nusu ya pili. Tulitoka bila kusalimu mtu, tukakimbia moja kwa moja mpaka stesheni. Ntumba alikuwa amekaa kwenye godoro lililokunjwa, pacha wamelala miguuni pake. Hatukumweleza kitu. Sakina alianza tu kuuliza, swali baada ya swali, pamoja na majibu yote matano, na Ntumba akafumba macho akawa anajibu kwa namba. “Tatu. Moja. Ine.” Pale alipotilia shaka alichora hewani kwa kidole. Swali moja alilikataa, akasema limeandikwa vibaya na lina majibu mawili ya kweli, na mimi na Sakina tukatazamana, kwa kuwa tulikuwa tumebishana juu yake njia nzima. Nilipofika kwenye shaba na asidi alijibu kabla sijamaliza: “Shaba inatoa mbili, azoti inapokea tatu. Shaba tatu, azoti mbili. Nyingine.” Tulipomaliza, alifumbua macho.

“Alors? Nimepasa?”

“Umepasa,” nilimwambia. Alikuwa amenishinda mimi, na Sakina pia, kwa mbali.

“Sema na nguvu. Mama asikie.”

Nikasimama juu ya lile godoro. Hasira yote niliyokuwa nayo, ya lango, ya kitambaa, ya sukari ya baba, ilitoka na sauti. “Ntumba amepasa! Ntumba amepasa mutihani!” Watu wakageuka kutoka kwenye moto wao. Mahali petu mtoto akipasa mtihani wa serikali humwagiwa unga kichwani, atembee mtaani mweupe kama mzuka, kila mtu ajue. Mama Mbuyi alitazama huku na huku. Kisha akapiga vigelegele, peke yake kwanza, halafu wanawake wengine wakamwitikia, jukwaa zima, watu ambao tangu wafike pale walikuwa wamelia tu. Akafungua kifuko cha unga kilichokuwa chini ya cherehani, akakimimina chote juu ya kichwa cha binti yake, akakikung'uta. Ntumba alicheka, kisha akalia, na ule weupe ukageuka uji mashavuni mwake. Kijana mmoja wa langoni alikuja mbio na fimbo, akauliza kelele ni ya nini. Pacha waliamshwa na vigelegele, wakakaa wakifikicha macho, wakamwomba mama yao uji. Unga wao wote ulikuwa kichwani mwa dada yao.